Maji na Matumaini (4): Mahandaki ya Elisha na makorongo ya Dodoma

Wiki ya Maji imepita na hotuba zimesikika. Kwa sisi wa Dodoma lililobaki midomoni ni swali moja: lini maji ya Ziwa Victoria yatafika makao makuu ya nchi? Bomba lililoanzia Ihelele lilifika Kahama na Shinyanga mwaka 2009, baadaye likasogea hadi Nzega, Igunga na Tabora, na sasa linatajwa kuwa litapita Singida lije mpaka kwetu. Wapo wanaolitazama bomba hilo kuwa ndilo mwisho wa shida zote. Na wapo, hasa makanisani, wanaosema mwisho wa shida hii ni siku ya Bwana peke yake, kwa hiyo tusihangaike. Leo nina neno kwa makundi yote mawili.

Ndugu msomaji uliyefuatana nami tangu sehemu ya kwanza unavikumbuka visima vya Isaka, ukame wa siku za Elia na mfereji wa Hezekia. Sitavirudia. Leo naingia katika kisa ambacho nimekisoma kwa miaka mingi na ambacho, kwa maoni yangu, kiliandikwa kana kwamba mwandishi aliwahi kuishi kati ya Mpwapwa na Manyoni. Kiini chake ni hiki: tumaini la Mkristo juu ya maji hushika jembe. Linachimba kabla ya mvua, tena mahali pakavu, na likishapata maji halizibi kisima cha jirani.

Amri ya jembe

Kisa kimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3. Wafalme watatu, Yehoramu wa Israeli, Yehoshafati wa Yuda na mfalme wa Edomu, wanakwenda kupigana na Moabu. Wanazunguka nyikani siku saba, na maji yanawaishia, watu na wanyama. Yehoramu anakata tamaa na kusema Bwana amewaleta huko ili wafe. Yehoshafati yeye anauliza kama hakuna nabii karibu. Elisha anaitwa, anaomba mpiga kinubi, na neno linalomjia ni amri ya kazi: bonde lile kavu lichimbwe mahandaki. Anawaambia hawataona upepo wala mvua, lakini bonde litajaa maji, nao watakunywa pamoja na mifugo yao.

Tafakari amri hiyo ilivyosikika kwa askari aliyekauka koo. Ana kiu, anaambiwa achimbe. Hakuna wingu, anaambiwa achimbe. Akitoa jasho kiu itazidi. Na bado walichimba, na asubuhi maji yakaja kwa njia ya Edomu, nchi ikajaa.

Wafafanuzi wengi wameeleza kwamba mvua ilinyesha mbali, kwenye milima ya Edomu, maji yakateremka kwa bonde lililokuwa kavu. Mtu wa Dodoma hahitaji mfafanuzi wa jambo hilo. Sisi tunajua korongo linaweza kushuka likivuma na kubeba magogo huku juu ya kichwa chako jua ni kali. Tunajua pia kwamba baada ya saa chache hubaki mchanga uliolowa, na yule aliyeandaa mahali pa kuyashika ndiye mwenye kitu. Muujiza wa Elisha haupungui kwa kupita katika korongo. Mungu aliyaleta maji, na mahandaki ndiyo yaliyoyazuia yasipite kwenda zake.

Lakini sura haiishii hapo, na hapa ndipo mahubiri mengi hukoma mapema. Jeshi lile lililonyweshwa kwa rehema liliingia Moabu likaziba chemchemi zote, likakata kila mti mzuri na kutupa mawe katika kila shamba jema. Wasomi wanabishana kama Elisha alikuwa anaamuru au anatabiri. Mimi huisoma sehemu hiyo pamoja na Kumbukumbu la Torati 20:19, ambako sheria inakataza kukata miti ya matunda hata mji unapozingirwa kwa vita. Tena naona vita ile iliishia katika uchungu, na Israeli walirudi kwao bila ushindi kamili. Watu waliopewa maji bure waliharibu maji ya wenzao. Onyo hilo ni letu.

Marenga Mkali na bei ya kisima

Historia ya uwanda huu wa kati inaweza kusomwa yote kama historia ya maji. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa kwa sababu palikuwa na maji yanayotiririka. Baada ya hapo ilikuja Chunyo, penye maji yenye chumvi, kisha nyika kavu ya Marenga Mkali. Richard Burton na John Speke waliivuka mwaka 1857, Henry Stanley mwaka 1871, na wote waliiandika kwa hofu. Ilivukwa kwa mwendo wa telekeza: wapagazi waliondoka mchana wakiwa na maji katika vibuyu, wakatembea hadi giza, wakalala bila kisima, na kesho yake wakaukaza mwendo mpaka Ugogo.

Ugogoni waliwakuta watemi waliodai hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao. Wageni wengi waliandika kwa hasira juu ya hongo ile na kuwaita Wagogo wakorofi. Nimezisoma habari hizo na hukumu yangu ni tofauti. Katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, kisima na ziwa dogo la kuvunia maji ni jasho la watu. Msafara wa mamia ya watu pamoja na punda wao ukishapita, ng'ombe wa mwenyeji hubaki wakitazama tope. Katika Hesabu 20 Musa alimtumia ujumbe mfalme wa Edomu akiomba kupita, na Waisraeli wakaahidi kwamba wakinywa maji ya nchi ile, wao au wanyama wao, watayalipia. Ikiwa taifa la Mungu lilikuwa tayari kulipia maji ya mwenyeji, kwa nini mfanyabiashara wa pembe za ndovu asilipe?

Hata wamisionari walifuata maji. Kituo cha Chama cha Wamisionari wa Kanisa, CMS, kilianza Mpwapwa mwaka 1876, na kutoka huko Injili ikaenea Kisokwe, Mvumi na Kongwa, hadi Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Waliwakuta watu ambao tayari walikuwa na imani nzito juu ya mvua. Mtemi alibeba dhamana ya mvua ya nchi yake, pamoja na mawe ya mvua yaliyorithiwa. Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika jinsi mambo yalipoharibika wanawake walivyovaa na kutenda kama wanaume, wakatembea mpaka ukingo wa nchi upande wa magharibi na kuutupa huko ubaya uliozuia heri.

Sisi Wakristo tuliziacha ibada hizo, na tulifanya sawa kumwelekea Muumba wa mvua badala ya mawe. Kitabu cha Sala cha Kianglikana kina sala ya kuomba mvua tangu karne ya 16, nacho kiliandikwa Uingereza, nchi isiyojua masika ya miezi minne na kiangazi cha miezi minane. Lakini lipo jambo walilolijua wazee ambalo tumelipoteza: ukame uliita nchi nzima ijichunguze. Haukuwa shida ya mwenye kisima kifupi peke yake. Sulemani alipoliweka wakfu hekalu aliomba hivyo hivyo: mbingu zikifungwa, watu wageuke, nao wafundishwe njia njema ya kuiendea, ndipo mvua ije. Siku hizi tunaomba mvua Jumapili, na Jumatatu tunanunua gunia la mkaa bila kuuliza limetoka kilima gani.

Mtunya

Kila anayeandika juu ya Dodoma lazima asimame mbele ya Mtunya. Ndiyo njaa iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa kina, anakadiria kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo walikufa. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Je, ni ukame uliowaua? Mvua ilikosa, ni kweli. Lakini Wagogo walikuwa wameishi na ukame tangu enzi. Walikuwa na uwele na mtama uliovumilia, walikuwa na ng'ombe wa kubadilishana na nafaka, walikuwa na ndugu wa nchi nyingine wa kukimbilia. Vita Kuu ya Kwanza iliwavunjia ngazi hizo zote. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoingia mwaka 1916 nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Vijana ambao wangelima walikuwa wamebeba mizigo ya majeshi kusini, wengi wasirudi. Juu ya hayo ukaja ugonjwa wa mafua ya 1918. Ukame ulitoka mbinguni, ila njaa ilitengenezwa na watu. Amosi na Yeremia wangelielewa jambo hilo upesi, maana wao walipotaja ukame hawakusahau kutaja dhuluma.

Mwaka ule ule wa 1917, huko Ihumwa, alizaliwa mtoto aliyekuja kuwa Mathias Mnyampala. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa ngonjera na kwa uongozi wake katika UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili. Wachache wanakumbuka kwamba Mgogo huyu, Mkatoliki, ndiye aliyeandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954, na ndiye aliyetunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Mtoto wa mwaka wa njaa alizichukua Zaburi, kitabu kilichojaa kiu, nchi kavu na mito ya maji, akazitia katika mizani ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1969. Naomba shule na seminari za mkoa huu zimrudishe darasani. Vijana wanaoimba kuhusu mito ya Babeli wajue kwamba mtu wa Ihumwa aliwatangulia.

Kongwa, au kupanga bila kuuliza

Baada ya vita ya pili ya dunia, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni 3. Kongwa ikachaguliwa kuanza. Mwaka 1947 matrekta yakaja, pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kung'oa vichaka. Mibuyu ikawashinda. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi, ukakauka na kuvunja vyuma vya kulimia. Maji ya kunywa tu yalikuwa tatizo, na mvua ikawa ile ya Ugogo: mwaka huu inakuja, mwaka ujao inapita mbali. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36.

Mkulima yeyote wa Kongwa angeweza kuwaambia jinsi mvua ya kwao inavyokuja na kutoroka. Hakuulizwa. Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Kule Kongwa zilihesabiwa ekari na tani, na mwenyeji hakuhesabiwa. Kila mara mradi mkubwa wa maji unapotangazwa, mimi huikumbuka Kongwa. Siipingi miradi mikubwa. Nauliza tu kama mwenye korongo ameketi mezani.

Sisi wenyewe baada ya Uhuru hatukukosa ndoto. Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ndani ya miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila Mtanzania wa kijijini awe na maji ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulifika, na akina mama wengi wa Dodoma walikuwa bado wanaamka saa tisa usiku kuwahi kisima. Sera ya Maji ya 2002 ilirudia mita zile zile 400, ikaongeza lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250. Lengo ni jema. Kilichopungua mara nyingi ni nani atalinda mashine isife na chanzo kisikauke.

Ardhi inayopona

Yapo pia mambo ya kututia moyo. Milima ya Kondoa Irangi ilikuwa imemomonyoka kiasi cha kutisha, makorongo yamekula mashamba. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ikachukuliwa hatua kali: mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Wafugaji waliumia, na maumivu yao hayapaswi kufichwa. Lakini ndani ya miaka michache nyasi zilirudi, miti ikaota, mmomonyoko ukapungua. Ardhi iliyoonekana imekufa ilikuwa inangoja kupumzishwa. Walawi 25 inaiagiza nchi ipewe sabato yake kila mwaka wa saba. Kondoa ilipewa sabato kwa nguvu. Ingekuwa heri kama ingepewa kwa hiari, kidogo kidogo, mapema.

Somo la pili limekuja kwa njia ya upole zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tony Rinaudo, Mkristo kutoka Australia, alikuwa anapanda miti huko Niger, na karibu yote ilikufa. Siku moja, katikati ya kukata tamaa na maombi, alitambua kwamba vichaka vilivyotapakaa jangwani ni machipukizi ya miti iliyokatwa, yenye mizizi hai chini. Hakuwa na haja ya kupanda msitu, maana msitu ulikuwa tayari ardhini. Njia hiyo imefika kwetu kwa jina la Kisiki Hai, ikienezwa na LEAD Foundation ya Mpwapwa, yenye mizizi yake katika kazi ya Askofu Simon Chiwanga, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi. Mkulima anachagua kisiki, anapogolea na kubakiza machipukizi machache yenye nguvu, anaweka alama, analinda na mifugo. Hanunui mche wala hamwagilii. Sambamba na hilo wanachimba makinga maji ili mvua isimame kwanza, izame, ndipo iondoke.

Ayubu, akiwa katika majivu, alisema mti una matumaini: ukikatwa, na mizizi yake ikizeeka ardhini, harufu ya maji yaweza kuuchipusha tena. Alisema hivyo kwa uchungu, akiulinganisha na mwanadamu anayelala asiamke. Kanisa linalokiri ufufuo lina jibu kwa Ayubu juu ya mwanadamu. Juu ya mti, Ayubu alikuwa amekwisha kusema kweli, na mashamba ya Mpwapwa, Kongwa na Chamwino ni mashahidi wake.

Kisima cha Makutupora kinavyojaa

Sasa nije kwa jambo ambalo natamani kila mchungaji na kila diwani wa Dodoma alijue. Jiji hili limekunywa kwa miongo mingi kutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Kina cha maji katika visima vile kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, moja ya kumbukumbu ndefu za aina hiyo katika nchi kavu za Afrika. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London, pamoja na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Kitanzania kama Lister Kongola, walichapisha walichokiona katika vipimo vya miaka 55. Maji yale ya chini hayajazwi na mvua ya kila mwaka. Kwa miaka kadhaa mfululizo kina hushuka tu. Kisha hutokea msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi mwaka wa El Niño kama ule wa 1997 na 1998, na kisima hupanda kwa mkupuo.

Utafiti uliofuata, ambao Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine ni mmoja wa walioufanya, ulionesha njia maji yanayopitia: huzama kupitia mchanga wa makorongo pale yanaposhuka. Korongo kavu ambalo wengi wanaliona kama dampo la takataka au machimbo ya mchanga ndilo mlango wa kisima cha jiji.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Elisha papo hapo. Mvua kubwa ni zawadi. Hatuwezi kuiamuru ije, na haiji kwa sababu sisi ni wema. Mathayo 5:45 yatuambia Mungu huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Lakini zawadi hiyo huja kwa nadra, na inaweza kutukuta hatuna mahandaki: vilima vimenyolewa, makorongo yamejengwa, mchanga umebebwa kwa malori. Hapo mvua ile ile iliyotumwa kujaza kisima hubomoa madaraja na kwenda zake. Miaka ya ukame ndiyo miaka ya kuchimba.

Jiji lenye kiu

Jiji limekua upesi. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa. Ya 2022 iliwahesabu 765,179, miaka sita tu baada ya Rais Magufuli kutangaza kwamba Serikali inahamia kweli. Katika miaka hiyo uzalishaji wa DUWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ulikuwa kama nusu ya mahitaji. Ndiyo maana tuna mgao, ndiyo maana kijana wa toroli la madumu hakosi kazi, na ndiyo maana mama wa pembezoni hulipia ndoo moja bei kubwa kuliko mwenye bomba. Visima vya Nzuguni vimesaidia. Bwawa la Farkwa kule Chemba na bomba la Ziwa Victoria ni mipango ya haki, na Serikali isukumwe iikamilishe. Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si' mwaka 2015 kwamba maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya binadamu; Umoja wa Mataifa ulikuwa umetamka hivyo mwaka 2010. Haki haiombwi kwa unyonge. Lakini tukiletewa maji ya mbali huku tukiziba makorongo yetu na kumaliza miti ya Chamwino na Bahi, tutakuwa tumelifuata jeshi la Yehoramu mpaka mwisho wa safari yake.

Na tuanze nyumbani mwa Bwana. Chukua kanisa la kawaida lenye bati la mita 20 kwa 10. Ni mita za mraba 200. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni kama milimita 550. Juu ya bati hilo zitaanguka lita 110,000. Ondoa moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 88,000, yaani ndoo 4,400 za lita 20. Kwa kipimo cha sera cha lita 25, maji hayo yanawatosha watu 10 karibu mwaka mzima, au yanaiokoa shule ya jirani katika miezi mibaya ya Septemba, Oktoba na Novemba. Hebu hesabu makanisa ya mabati kuanzia Kibaigwa hadi Bahi, ya madhehebu yote, kisha uhesabu yenye mabomba ya paa na tangi. Tunachangisha kwa bidii spika, kinanda na vigae. Tangi husubiri mfadhili.

Ezekieli katika sura ya 47 aliona maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu, kwanza ya kufika vifundoni, kisha magotini, kisha viunoni, mwisho mto usiovukika, na kila ulikofika palikuwa na uhai. Yohana katika Ufunuo 22 anauona mto huo ukitoka katika kiti cha enzi, na majani ya mti wa uzima yakiponya mataifa. Huo ndio mwisho wa uhaba ninaouamini: siku ambayo, kama Ufunuo 7 inavyoahidi, hawatakuwa na kiu tena. Naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini anayeamini kwamba mto utatoka hekaluni hawezi kuridhika na hekalu ambalo jirani yake hapati hata kikombe kimoja mlangoni. Yesu alikihesabu kikombe cha maji baridi kuwa kitu kisichokosa thawabu. Wala tangi la kanisa lisimuulize mtu dini yake. Mvua iliyolijaza haikuuliza.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mapadri, wainjilisti na wazee wa kanisa wa Dodoma na Singida: kabla ya mwezi wa Desemba, kila usharika na kila kigango kiwe na mabomba ya paa na tangi moja, hata dogo. Kila shamba la kanisa liwe na makinga maji na visiki vilivyopogolewa. Kila halmashauri ya kanisa ijue korongo lililo karibu nalo na ikatae takataka na malori ya mchanga ndani yake. Na tukimaliza kuchimba, tupige magoti tuombe mvua.

Sehemu ya tano, Mungu akipenda, itahusu kisima cha Sikari na yule mwanamke Msamaria, na kwa nini mradi wa maji usio na wanawake katika kamati hufa mapema.